Kupenda Shule na Kulipia Shule

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mavazi na mashairi peke yake. Hukaa pia katika namna watu wanavyokusanyika kuamua jambo linalowahusu wote: namna wanavyoulizwa, namna wanavyojibu, na namna wanavyotimiza walichojibu. Taifa laweza kuwa na nyimbo nyingi za kusifu umoja, lakini umoja wenyewe hujulikana siku mtu anapotakiwa kutoa fedha yake kwa ajili ya mtoto asiyemzaa. Makala haya yanazungumzia jambo hilo, yaani kupima ridhaa ya wananchi juu ya kodi ya shule. Nimechagua mfano wa mbali, wa jimbo la New York nchini Marekani katika karne ya 19, kwa sababu huko wananchi waliulizwa habari ya sheria moja mara mbili katika muda wa mwaka mmoja tu, na majibu yao yote mawili yakahesabiwa na kuandikwa.

Kabla ya kwenda huko, naomba ruhusa ya msomaji nisimulie kisa kidogo cha hapa nyumbani, maana ndicho kilichonifanya niitafute historia hii. Mwaka 2006, wakati shule za sekondari za kata zilipokuwa zikijengwa kote nchini, nilikuwa mtumishi mdogo wa serikali katika wilaya moja, nikapewa kazi ya kuandika muhtasari wa mkutano wa kijiji. Msemaji alisimama chini ya mwembe akauliza kwa sauti kubwa, "Nani anataka shule?" Mikono yote ikainuka, hata ya watoto. Nami nikaandika kwa mwandiko wa kujivunia: "Wote walikubali." Wiki tatu baadaye nilipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha stakabadhi, nikakuta milango mingi imefungwa. Bibi mmoja alinifungulia, akaitikia shikamoo yangu kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, siku ile mliniuliza kama naipenda shule. Hamkuniuliza kama nina fedha, wala mchango ni kiasi gani." Sikuwa na jibu. Muhtasari wangu haukuwa na uongo ndani yake, lakini haukuwa na ukweli wote.

Sasa na twende New York. Mwaka 1795 Baraza la Kutunga Sheria la jimbo hilo liliidhinisha dola 50,000 kila mwaka, kwa muda wa miaka mitano, zisaidie shule. Mwaka 1812 ikatungwa sheria iliyoweka mpango wa shule za umma katika jimbo zima, kila eneo dogo likiwa na shule yake na wadhamini wake waliochaguliwa na wakazi. Lakini fedha za jimbo pamoja na zile zilizotozwa mahali hapo hazikutosha kulipa mishahara ya walimu mwaka mzima. Pengo lililobaki lilizibwa kwa ada ya mahudhurio. Wadhamini walihesabu siku ambazo kila mtoto alikaa darasani, wakaigawa gharama iliyosalia miongoni mwa wazazi kwa kufuata hesabu ya siku hizo.

Mpango huo kwa macho ya haraka ulionekana wa haki, kwamba atumiaye ndiye alipaye. Lakini tuutazame kwa makini. Mzazi mwenye watoto watano waliohudhuria kila siku ndiye aliyebeba mzigo mkubwa, naye aliyewaacha wanawe wazurure hakutoa hata senti moja. Basi ada hiyo ilimtoza mtu kwa kufanya jambo jema. Maskini aliruhusiwa kusamehewa, lakini ili asamehewe ilimbidi ajulikane mbele ya majirani kuwa ni fukara asiyeweza kumsomesha mwanawe. Walikuwapo wazazi wengi walioona heri mtoto abaki nyumbani kuliko jina la ukoo kuandikwa katika orodha ile. Hivyo shule ilikuwa wazi kwa wote katika maneno, na imefungwa kwa wengi katika vitendo.

Miji kadhaa haikungoja jimbo zima liamke. Buffalo ilianza kuendesha shule za bure kwa kodi yake mwishoni mwa miaka ya 1830, na mji wa New York ulipata Bodi yake ya Elimu mwaka 1842. Huko mijini kodi ilitozwa juu ya mali, yaani ardhi na majengo, na kila mwenye mali alilipa, awe na mtoto shuleni au asiwe naye. Wapinzani wa mpango huo walikuwa na hoja zao, na si haki kuwadharau. Kapera aliuliza kwa nini alipie watoto ambao hana. Mzee aliyekwisha kuwasomesha wanawe kwa jasho lake aliuliza kwa nini asomeshe na wa jirani. Watetezi wao walijibu kwamba katika nchi ambayo watu hupiga kura, ujinga wa mmoja ni hasara ya wote, na kwamba shule ni kama barabara au kisima: hujengwa na wote hata kama si wote wapitao au wachotao siku hiyo.

Jimbo jirani la Pennsylvania lilikuwa limekwisha kuonja ugumu wa jambo hili. Sheria ya shule za bure ilitiwa sahihi huko tarehe 1 Aprili 1834, nayo iliyaachia maeneo yenyewe kuikubali au kuikataa. Mwaka uliofuata wapinzani walileta maombi ya maandishi yenye majina karibu 32,000 wakitaka sheria ifutwe, wakati majina ya waliotaka ibaki hayakufika 3,000. Baraza moja la bunge la jimbo likakubali kuifuta. Ndipo mjumbe mmoja, Thaddeus Stevens, mtu aliyezaliwa katika umaskini na mwenye ulemavu wa mguu, aliposimama katika baraza la pili tarehe 11 Aprili 1835 kuitetea. Hotuba yake iliwageuza wajumbe, na sheria ikaokoka. Miaka iliyofuata maeneo mengi zaidi yaliikubali kwa hiari yao. Funzo la kisa hiki ni kwamba orodha ya majina haipimi idadi ya watu wenye maoni fulani, bali hupima bidii ya wale waliokasirika. Aliyeridhika hukaa kimya kwake, na mwenye uchungu hutembea mlango kwa mlango akitafuta sahihi.

New York iliamua kutumia kipimo kilicho bora zaidi, yaani kura. Tarehe 26 Machi 1849 ilipitishwa sheria ya kuanzisha shule za bure katika jimbo zima, iliyofuta ada ya mahudhurio na kuamuru kwamba gharama iliyosalia itozwe kwa kodi ya mali katika kila eneo la shule. Lakini watunga sheria hawakutaka kubeba jukumu hilo peke yao. Waliamua sheria ipelekwe kwanza mbele ya wapiga kura wenyewe. Mwezi Novemba 1849 kura zikapigwa. Waliokubali walikuwa 249,872 na waliokataa 91,951. Katika kila watu mia, sabini na watatu walisema ndiyo. Watetezi wa shule walishangilia, na bila shaka kuna karani mahali fulani aliyeandika, kama nilivyoandika mimi, kwamba watu wamekubali.

Kisha sheria ikashuka kutoka katika karatasi na kuingia katika nyumba za watu. Hapo ndipo kasoro yake ilipojitokeza. Kwa kuwa kila eneo lilijitegemea kwa sehemu ya gharama, mzigo haukuwa sawa. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa hesabu nyepesi. Tuchukue maeneo mawili, kila moja likihitaji dola 100 za kodi. Eneo la kwanza lina mali yenye thamani ya dola 100,000, kwa hiyo kila dola 100 za mali zitatozwa senti 10. Eneo la pili lina mali ya dola 10,000 tu, na kila dola 100 zitatozwa dola nzima. Shule ni ile ile, mwalimu ni yule yule, lakini mkulima wa eneo maskini analipa mara kumi. Mkulima huyo alipoipigia sheria kura, alipiga kwa ajili ya shule ya bure. Alipoletewa hati ya kodi, ndipo alipojua bei yake, tena akajua kwamba mwenzake wa ng'ambo ya mto analipa kidogo kuliko yeye.

Manung'uniko yakazidi. Katika mwaka 1850 maombi mengi yaliletwa mbele ya Baraza, mengine yakitaka sheria irekebishwe, mengine ifutwe kabisa. Baraza likaona vema kuwarudia wapiga kura na kuwauliza mara ya pili: je, sheria ile ifutwe au isifutwe? Mwezi Novemba 1850 watu wakapiga kura tena. Waliotaka ifutwe walikuwa 184,308, na waliokataa isifutwe walikuwa 209,346. Sheria ilinusurika kwa tofauti ya kura 25,038, wakati mwaka mmoja nyuma tofauti ilikuwa kura 157,921.

Ndugu msomaji, tusizipite tarakimu hizi mbio mbio. Kwanza, kura za kuunga mkono zilipungua kwa zaidi ya 40,000. Pili, kura za kupinga ziliongezeka maradufu, kutoka karibu 92,000 hadi zaidi ya 184,000. Tatu, jumla ya waliopiga kura iliongezeka, maana yake ni kwamba walikuwapo watu ambao mara ya kwanza hawakuona sababu ya kujisumbua, lakini walipoguswa mifukoni walitoka. Sidhani kwamba katika miezi kumi na miwili watu wa New York walikuwa wameanza kuchukia elimu. Kilichobadilika ni swali. Mwaka 1849 waliulizwa habari ya shule, na mwaka 1850 wakaulizwa habari ya kodi. Maneno yaliyoandikwa katika karatasi ya kura hayakuwa mbali sana, lakini masikioni mwa mkulima yalikuwa mambo mawili.

Lipo na jambo jingine ndani ya kura ile ya pili. Tukihesabu kwa wilaya, wilaya 42 zilitaka sheria ifutwe, na wilaya 17 tu ndizo zilizotaka ibaki. Sheria iliokolewa na wingi wa watu wa mijini, hasa mji wa New York. Nao watu wa mijini ndio waliokuwa wamekwisha kuishi na kodi ya shule kwa miaka kadhaa, wameona majengo, wameona watoto wakienda na kurudi, wameona kwamba dunia haikuanguka. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami naongeza kwamba hujui pia usingizi wake. Waliokuwa wamekilalia kitanda kile ndio waliokitetea.

Hata hivyo kura zile, pamoja na ubora wake, hazikuwa sauti ya watu wote. Wanawake hawakupiga kura, ingawa wao ndio waliowaamsha watoto alfajiri na kuwatayarisha kwenda shuleni. Katika New York walipata haki ya kupiga kura katika mikutano ya shule mwaka 1880, na haki kamili mwaka 1917. Mwanamume mweusi aliruhusiwa kupiga kura ikiwa tu ana mali ya dola 250, sharti ambalo mwanamume mweupe hakuwekewa. Mwaka 1846 wapiga kura wa jimbo hilo hilo walikataa kuliondoa. Na watoto, ambao ndio wenye shule, hawakuulizwa kamwe. Asiyekuwapo na lake halipo. Kila tusomapo kwamba wananchi walikubali au walikataa, yatupasa tuulize kwanza ni wananchi gani walioruhusiwa kufika.

Baada ya kura ile Baraza lilitafuta njia ya katikati. Mwaka 1851 liliweka kodi ya jimbo zima ya dola 800,000 kwa mwaka, iliyotozwa juu ya mali yote na kugawiwa shule, ili eneo tajiri limsaidie jirani yake maskini. Hilo lilikuwa jibu la haki kwa lalamiko la mkulima wetu. Lakini kwa upande mwingine ada ya mahudhurio ilirudishwa, na majina ya mafukara yakaanza kuandikwa upya. Ilipita miaka kumi na sita zaidi. Mwaka 1867 ndipo ada hiyo ilipofutwa kabisa katika jimbo la New York, na mwaka 1894 katiba mpya ya jimbo ikaamuru kuwapo kwa shule za umma za bure kwa watoto wote. Mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati wa shangwe ya 1849 alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne siku mlango ulipofunguliwa wazi. Hiyo ndiyo gharama ya kupima vibaya: mwenye kulipa ni mtoto, naye hulipa kwa miaka yake.

Karne ya 20 ilileta vipimo vipya. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka kadi zipatazo milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalikuwa yametolewa kwa wingi katika orodha za wenye simu na wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki hao hawakuwa mfano wa taifa. George Gallup, aliyeuliza watu wachache kuliko hao lakini waliochaguliwa kwa uangalifu zaidi, alimtaja mshindi wa kweli. Tangu hapo imejulikana kwamba wingi wa walioulizwa hausaidii kitu ikiwa hawafanani na wale wanaosemewa.

Maarifa hayo yametumika sana katika mambo ya kodi za shule, hasa katika jimbo la California. Tarehe 6 Juni 1978 wapiga kura wa huko waliweka katika katiba yao kikomo cha kodi ya mali, isizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na sharti kwamba kodi maalumu ya mahali ikubaliwe na thuluthi mbili ya wapiga kura. Mwaka 2000 sharti hilo lilipunguzwa hadi asilimia 55 kwa upande wa mikopo ya kujengea shule. Kwa sababu hiyo, viongozi wa shule wanaotaka kodi mpya hawaendi tena kwa kubahatisha. Kabla ya kura huuliza mamia machache ya wakazi, tena hawaulizi mapenzi matupu. Hutaja kiasi, hutaja kazi ya fedha, kisha huuliza: kwa bei hii, bado unataka? Tukiziweka kura za New York katika mizani ya California, tutaona ajabu. Asilimia 73 za mwaka 1849 zingepita bila wasiwasi. Asilimia 53 za mwaka 1850 zisingefika thuluthi mbili, wala zisingefika 55. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba watu wamekataa, ni vema kutazama pia nani aliyeweka urefu wa kizingiti.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya wenzetu, na kwamba hapa kwetu ada imekwisha. Ni kweli kwamba Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Lakini gharama haikutoweka, imehamia katika hazina ambayo sote tunaijaza kwa kodi zetu, hata kapera, hata mzee ambaye wanawe wamekwisha kukua. Swali la yule mkulima wa 1850 bado liko hai: je, mzigo umegawanywa sawa, na je, tuliambiwa bei? Walimu wanaoongoza mikutano ya wazazi, na wanafunzi ambao kesho watakuwa madiwani na maofisa, watakutana na swali hilo mara nyingi kuliko wanavyodhani. Wakikutana nalo, wakumbuke mambo manne yanayotokana na historia hii: watu waulizwe pamoja na bei, waonyeshwe mzigo utagawanywaje, asiyefika mkutanoni asihesabiwe kuwa amekubali, na baada ya muda waulizwe tena.

Namalizia kwa kurudi chini ya mwembe. Baada ya kushindwa kukusanya fedha, tuliitisha mkutano wa pili. Safari hii mwenyekiti wa kijiji alisoma mahitaji moja moja: saruji kiasi gani, mabati mangapi, mchanga ndoo ngapi, maji madumu mangapi. Kisha akauliza kila kaya itaweza nini. Mikono haikuinuka yote kwa pamoja kama mara ya kwanza. Palikuwa na mabishano mpaka jua likaelekea kuchwa, na wawili watatu walikataa waziwazi, nami nikayaandika maneno yao. Bibi yule aliahidi ndoo ishirini za mchanga kutoka mtoni. Nilimwuliza kama nimeandika sawasawa, akainama akatazama karatasi ingawa hakujua kusoma, akanyoosha kidole mahali nilipoandika tarakimu, akasema, "Hapo weka ishirini, mwanangu, usiweke wote." Alizileta zote kabla ya mvua.